Mikungu mitano ya mshare: kisa cha Jumamosi moja soko la Tengeru

Kisa chenyewe ni hiki. Mama mmoja wa makamo kutoka vijiji vya juu, upande wa Nkoaranga, anateremka sokoni Tengeru na mikungu mitano ya ndizi mshare iliyofungwa kwenye bodaboda mbili. Anafika kabla ya saa 12 na nusu asubuhi. Hajakaa hata kwenye gunia alilotandika, mchuuzi anayepeleka ndizi soko la Kilombero mjini Arusha ameshamsimamia. Wanabishana kidogo, anamuuzia mikungu mitatu. Miwili iliyobaki anaikata chane na kuiuza mwenyewe, mpaka inaisha karibu na saa 6 mchana. Anaondoka na shilingi 47,000, kabla ya kutoa ushuru na nauli.

Jirani yake wa gunia la pili, mwenye maparachichi, alimwambia waziwazi kwamba ametupa hela. Kwa nini umpe mchuuzi asubuhi yote hii, wakati wateja wa mjini ndio kwanza wanaamka? Swali hilo husikika kila gulio, na wengi hulijibu haraka: mchuuzi ni mnyonyaji, mkulima hajui kuhesabu. Mimi nilikuwa nimekuja kununua ndizi za machalari na mboga za wiki, nikajikuta nimekaa pembeni ya magunia hayo mawili muda mrefu kuliko nilivyopanga. Nadhani mama alihesabu vizuri kuliko jirani yake. Alipopoteza ni mahali ambapo hakuna aliyemnyooshea kidole.

Bei nitakazotaja nimezilainisha zikae kwenye maelfu, na hesabu ni ya mfano. Wiki nyingine, hasa mvua za masika zikiharibu barabara za vijijini, zote zingebadilika.

Kwanza mahali. Tengeru iko kando ya barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, chini ya Mlima Meru. Gulio ni Jumatano na Jumamosi, na Jumamosi ndiyo yenyewe. Kutoka juu, Akheri, Poli na Nkoaranga, zinashuka ndizi, maparachichi na majani ya kila namna. Kutoka ng'ambo ya mlima, Ngarenanyuki, zinakuja nyanya na vitunguu vya kumwagilia. Mitumba ina upande wake, maharage na nafaka upande wao, na katikati kuna vijana wenye mikokoteni ambao hawana breki wala huruma. Tangu ijengwe barabara ya njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, mtu wa mjini anaweza kuja, kununua na kurudi kabla chai haijapoa mezani kwake. Kwa hiyo wanunuzi ni wa aina mbili kabisa: wa alfajiri, wenye Canter na daftari, na wa saa 3 na kuendelea, wenye kikapu na familia.

Na ndizi yenyewe. Mshare ni ya kupika, ndiyo ya mtori na machalari, na inatakiwa ikiwa mbichi, kijani, ngumu. Ikianza kugeuka njano, mnunuzi wa mshare hakutaki tena, na anayetafuta ndizi ya kula anataka kisukari au malindi. Mkungu ukishakatwa shambani una siku chache za heshima. Si kama nyanya, ambayo inaweza kukuaibisha siku hiyohiyo, lakini pia si maharage ya kurudisha ghalani ukasubiri bei ipande. Mama akishindwa kuuza Jumamosi, Jumatano bado ina matumaini, ila ni gulio dogo, na lazima alipe tena bodaboda ya kupandisha na ya kuteremsha.

Kwa nini mitano tu? Hili nalitaja kwa sababu watu wa mjini hudhani mkulima wa Meru ana migomba isiyo na mwisho. Vihamba vya mlimani, yaani mashamba ya nyumbani ya ukoo, ni vidogo na vinagawanywa kila kizazi. Ardhi ya chini ilikuwa mikononi mwa walowezi tangu enzi za Wajerumani, mlima ukazungukwa na mashamba yao, na Wameru wakabanwa juu. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda kulisemea jambo hilo Umoja wa Mataifa. Ardhi ilirudi baadaye, lakini watu nao wameongezeka. Leo hii kihamba kimoja kina migomba, kahawa chini yake, zizi la ng'ombe wa maziwa pembeni na nyumba ya mtoto aliyeoa. Mikungu mitano kwa gulio moja si haba. Ila mitano haijazi gari, na asiyejaza gari hapangi bei ya gari.

Sasa mazungumzo ya mama na yule mchuuzi, kijana. Nilikuwa karibu, nikasikia vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

"Hii mitatu nakupa ishirini na nne."

"Ishirini na nne? Hapana. Jana jioni Kilombero mkungu kama huu ulikuwa kumi na nne."

Kijana akacheka. "Kilombero siyo hapa mama. Kuna gari, kuna kushusha, kuna ushuru."

"Najua. Ndiyo maana sijakwambia kumi na nne. Toa thelathini."

Kijana akaizunguka mikungu, akainua mmoja, akaushusha. "Sawa, thelathini. Ila nachagua mwenyewe."

"Chagua."

Imekwisha hapo. Dakika tatu, pengine nne. Bei ya Kilombero mama aliijua kwa sababu mtoto wa dada yake ni mamantilie karibu na soko hilo, na kila Ijumaa jioni anampigia simu kumuuliza ndizi zimeamkaje. Hiyo simu ndiyo iliyopandisha mkungu kutoka elfu nane hadi elfu kumi. Shilingi elfu sita kwa mikungu mitatu, kwa maongezi ya dakika moja. Sijaona mbolea yenye faida hiyo.

Tuhesabu. Katika mikungu mitano, mitatu ilikuwa mikubwa, kila mmoja una chane nane. Miwili ilikuwa midogo, chane sita sita. Jirani wa maparachichi anahesabu hivi: chane ni elfu mbili, chane nane ni elfu kumi na sita, umeuza kwa kumi, umetupa elfu sita mara tatu. Inasikika kama wizi wa mchana kweupe.

Kosa la hesabu hiyo ni kudhani kwamba chane zote za mkungu mmoja ni sawa. Chane za juu zina ndizi nene na ndefu, na kadiri unavyoshuka kuelekea mwisho wa mkungu ndivyo zinavyosinyaa. Mteja mwenye kikapu anajua. Anashika ya juu, ya chini anaitazama kama haipo. Kwa hiyo mkungu mkubwa ukiuzwa rejareja huenda hivi: chane nne kwa elfu mbili, mbili kwa elfu moja na mia tano, na mbili za mwisho kwa elfu moja. Jumla 13,000, siyo 16,000. Mkungu mdogo, chane mbili za elfu mbili, mbili za elfu moja na mia tano, mbili za elfu moja: 9,000.

Basi ukiuza yote rejareja na kila chane ipate mtu, unapata 39,000 kwa mikubwa na 18,000 kwa midogo, jumla 57,000. Ukimpa mchuuzi yote, mikubwa kwa elfu kumi na midogo tuseme kwa elfu saba, unapata 44,000, na saa 1 asubuhi uko kwenye bodaboda unarudi kukata majani ya ng'ombe. Tofauti ni 13,000. Hiyo ndiyo hela anayoisemea jirani, ingawa yeye aliiona kubwa zaidi.

Lakini 57,000 inadai chane 36 ziishe, na pembeni ya mama huyu kulikuwa na mstari mzima wa akina mama wenye mshare ileile, kutoka mlima uleule, iliyonyeshewa na mvua ileile. Wateja wa rejareja hawaji wote kwa pamoja. Wanaanza kuonekana saa 3, wanajaa saa 4 na 5, na baada ya saa 7 jua likipiga magunia, wanaokuja ni wale wanaosubiri bei ishuke. Chane ndogo za mwisho wa mkungu ndizo hubaki. Katika mikungu mitano ziko kumi. Zikibaki hizo tu, 57,000 inakuwa 47,000, na saa hizo ni jioni.

Ndiyo hela aliyoondoka nayo mama saa 6 mchana. Thelathini ya mchuuzi, na kumi na nane ya mikungu miwili midogo, pungufu elfu moja kwa sababu chane nne za mwisho alimkusanyia mamantilie mmoja kwa elfu tatu badala ya nne. Hakuzibeba, hakuzikalia. Wakati jirani yake anahangaika kutafuta kivuli, yeye alikuwa ananunua sabuni, mafuta ya taa na kilo ya sukari.

Hapo ndipo ninaposema alihesabu vizuri. Alfajiri aliuza kile ambacho angekihangaikia mpaka jioni, na akabakiza kiasi ambacho asubuhi moja ingeweza kukimaliza. Mchuuzi hakununua ndizi tu, alinunua pia wasiwasi wa chane ishirini na nne. Wasiwasi huo una bei, na mtu mwenye ng'ombe zizini na mjukuu wa kupeleka kliniki anaijua bei hiyo kuliko mimi na wewe.

Tumsikilize na mchuuzi, maana kwenye visa vya sokoni huwa anahukumiwa bila kuhojiwa. Mkungu wa elfu kumi hapa, kumi na nne Kilombero. Katikati kuna Canter wanayochangia wachuuzi kadhaa, wapagazi wa kupakia Tengeru na wengine wa kushusha mjini, ushuru wa soko, na mikungu inayofika imechubuka. Ndizi iliyochubuka ganda linageuka jeusi, na mteja wa Kilombero naye ana macho. Asipopata mikungu ya kutosha asubuhi, nauli ya gari ni ileile. Ndiyo maana anakimbilia mtu kabla hajakaa. Haraka yake ni udhaifu wake, na mama aliyejua bei ya jana aliutumia.

Sasa pale alipopoteza. Si bei. Ni lile neno "Chagua".

Mchuuzi alilipa elfu kumi kumi, akachukua mikungu yote mikubwa. Mama akabaki na midogo miwili. Tufanye kinyume chake: angempa mkubwa mmoja na midogo miwili, kwa bei zilezile za alfajiri, angepata 24,000. Mikubwa miwili angeikata chane, 26,000, atoe elfu moja ya punguzo la mwisho kwa mamantilie, 25,000. Jumla 49,000. Tofauti na alichopata ni elfu mbili. Utasema ni kidogo. Kwa gulio moja, ndiyo, ni kidogo.

Ila hesabu hiyo haioneshi kilichotokea kati ya saa 2 na saa 4. Mteja anayepita kwenye mstari wa ndizi haulizi bei ya kila mtu. Anaangalia mkungu uliosimama, mnene, wenye vidole virefu, anasogea hapo, na akishasogea ananunua hata chane ya mkungu mwingine ulio kando. Mama alikuwa na midogo tu mbele yake. Nilishuhudia wanawake wawili wenye vikapu wanampita, wanasimama kwa mwenzake mwenye mikungu mikubwa, wananunua kwake kwa elfu mbili ileile. Chane yake ya kwanza iliuzwa saa 3 ikielekea saa 4, na mteja huyo alikuwa mimi, kwa sababu nilikuwa nimekaa hapohapo na ningeona aibu kununua kwingine.

"Mama, hii unaniuzia elfu na mia tano?"

"Elfu mbili mwanangu. Hiyo ya juu."

"Basi niongezee vidole viwili vya chini."

Akaniongezea vitatu. Nyongeza hiyo nayo haimo kwenye hesabu zangu hapo juu, na inatoka kwenye zilezile chane za mwisho ambazo jirani anazihesabia elfu mbili.

Angefanyaje? Nilimuuliza mchuuzi mwenyewe wakati anafunga kamba, kama angekubali kuchanganyiwa. Alisema kama mama angemwambia "mmoja mkubwa na hii miwili, ishirini na nne," angenung'unika na angechukua, maana saa 1 ilikuwa inakaribia na gari halijajaa. Mchuuzi anayekwambia ukweli akiwa ameshalipa huwa anaaminika zaidi kuliko kabla hajalipa. Alikuja na ishirini na nne kwa mikubwa mitatu, akaondoka nayo kwa thelathini, na bado akawa na furaha. Furaha hiyo ilitoka kwenye kuchagua.

Kuna dawa mbili ambazo kila kikao cha wakulima hupendekeza, na sioni kama zinaponya kisa hiki.

Ya kwanza ni mizani. Wakala wa Vipimo wamepiga vita lumbesa kwa miaka, na wana haki: gunia la viazi lenye kilemba cha ziada juu ni wizi, kwa sababu mnunuzi analipa gunia moja na kubeba moja na nusu. Sado ya maharage, ile ndoo ndogo ya kupimia, iliyojazwa mpaka kilele ni ndugu yake mdogo. Lakini mkungu wa ndizi haufichi kitu. Wote wawili wanauona mzima. Ukiupima kwa kilo, kwanza unapima na mti wake wa katikati usiolika, na mnunuzi ataukata kwa makadirio, kwa hiyo makadirio yanarudi kwa mlango wa nyuma. Pili, kilo ya chane za juu na kilo ya chane za chini si kitu kimoja sokoni. Mizani ingempa mama hoja mpya ya kubishania, na isingemzuia kusema "Chagua".

Ya pili ni kikundi. Akina mama kumi wa kitongoji kimoja, ambao tayari wako pamoja kwenye vikoba, waunganishe mikungu hamsini, wakodi gari, wapeleke Kilombero wenyewe. Hapa nakubali nusu. Hamsini ingejaza gari na kumnyima mchuuzi sababu ya nauli. Lakini Kilombero kuna wenye meza zao na wateja wao wa miaka, na mgeni anayeshusha mzigo pale anajikuta anauzia watu walewale, safari hii akiwa mbali na nyumbani na bila mahali pa kuuhifadhi usiku. Kikundi kingefaa zaidi hapahapa Tengeru: kukubaliana Ijumaa jioni, baada ya ile simu, kwamba kesho mkungu mkubwa hauendi bila mdogo. Watu watano tu kwenye mstari wakisema hivyo, mchuuzi hana pa kukimbilia kuchagua. Haihitaji katiba wala mhuri.

Ushuru umeleta ubishi pia asubuhi hiyo, kwa hiyo niuseme. Mtoza ushuru alipofika na mashine yake ya POS, mwenye maparachichi alidai kwamba serikali ilishafuta, mkulima mwenye mzigo mdogo halipi. Anachokumbuka ni kweli, ila ni kitu kingine. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba mkulima anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe ushuru wa mazao. Hiyo ni ya njiani. Kukaa sokoni na kuuza ni tozo ya eneo, na risiti yake hutoka palepale. Mama alilipa bila maneno, akaikunja risiti na kuitia kwenye kitenge, kwa sababu asiyekuwa nayo huulizwa mara ya pili.

Neno la mwisho kwa atakayetaka kuibeba hesabu hii mpaka upande wa nyanya: haitafanya kazi. Nilipita huko kabla ya kuondoka. Tengeru ina kituo cha utafiti wa mboga na matunda, na ndipo ilipotoka mbegu ya Tengeru 97, nyanya yenye ganda gumu la kuvumilia safari. Hata hiyo ikishaiva ina saa zake. Mkulima wa Ngarenanyuki aliyelala njiani na matenga yake hawezi kuuza nusu alfajiri na kukaa na nusu mpaka mchana kwa raha, maana tenga la chini linaanza kuvuja maji. Na tangu kantangaze, mdudu anayeshambulia nyanya, aingie mkoani Arusha mwaka 2014, mdudu huyo anaweza kuwa ndani ya nyanya inayoonekana nzima kwa nje, kwa hiyo mnunuzi anamwaga tenga zima chini na kuchambua moja moja. Pale kuchagua hakuzuiliki. Kinachobaki ni kukubaliana mapema kwamba zilizokataliwa zina bei gani, na mkulima niliyemkuta saa 5 alikuwa bado hajakubaliana na mtu, rundo la kukataliwa limekuwa kubwa kuliko lililonunuliwa.